Sarafu ya Mume Wangu Shingoni mwa Riziki

Wivu nilio nao ni maradhi, nakiri. Mume wangu Salim anayo sarafu ya Uingereza yenye ngao iliyoshikwa na simba na farasi wa pembe moja, na kila Ijumaa huipangusa kwa kitambaa cha hariri. Mimi hata leso mpya sijaiona mwaka huu. Kwa hasira sikuwahi kuitazama vizuri sarafu hiyo.

Wiki iliyopita sikuiona kabatini. "Nimempa mtu aitazame," akasema, yeye asiyetaka hata mimi niiguse.

Kesho yake Riziki, mwenzangu katika duka la mabuibui hapa Makadara, akaja kazini na mkufu mpya wenye sarafu, na juu ya sarafu pana ngao na simba.

"Nani kakupa?" nikamuuliza.

"Anipendaye," akajibu huku akicheka.

Asubuhi nzima nilikunja mabuibui moyo ukiniwaka. Nilimwona mrembo kuliko jana, na hilo ndilo lililonimaliza. Adhuhuri, duka limejaa wateja, nikaudaka ule mkufu.

"Vua sarafu ya mume wangu, mwizi wa waume we!"

Wateja wote wakatugeukia. Riziki hakugomba. Aliuvua taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Mamangu ndiye alonipa, Da Zuhura. Hebu isome."

Nikaitazama. Simba walikuwa wawili, farasi hayupo, na chini ya ngao pana neno lililo kwenye kila shilingi yetu ya zamani ya Kenya.

"Soma kwa sauti," akasema mteja mmoja, "nasi tusikie."

Nikasoma: "Harambee."