Mtangazaji Aliyeuacha Mpira Akamtazama Majeruhi

Msomaji wangu, simu iliyonifikisha Tukuyu wiki iliyopita ilipigwa na binti aliyesoma darasa moja na mtu ninayetaka kukusimulia leo. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mwalimu, mwenzetu ametutoka," kisha akalia, na baadaye akanitajia jina. Nilipomjua, nilikaa kitini nikiwa na simu mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Marehemu alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Nimonia ilimshika katika mvua hizi za Rungwe zisizojua kukoma, akalazwa, na siku ile ndugu zake walipoanza kuzungumzia kumrudisha nyumbani, akafariki. Alikuwa bado mwanamke kijana kabisa. Jina lake silitaji, maana mama yake aliniomba nisilitaje, lakini wengi wa huko watamtambua kwa sauti: nzito kidogo, isiyo na haraka, na yenye lafudhi ya Kinyakyusa ambayo chuo hakikuweza kuiondoa, na mwenyewe hakutaka iondoke.

Nilimfahamu chuoni, nilipokuwa mwalimu wa muda wa somo la uandishi wa habari za michezo. Siku ya kwanza huwa nawauliza wanafunzi kilichowaleta. Majibu nayajua kabla hayajatoka: mmoja anataka kukaa studio abishane kuhusu zile timu mbili kubwa, mwingine anataka kusafiri na timu ya taifa, na yupo ambaye anataka tu kuwa karibu na wachezaji, wenzake wanamcheka. Ilipofika zamu yake alisimama, akashika ukingo wa meza. "Kaka yangu alivunjika mguu kwenye ndondo, mechi za mtaani, kule Kiwira," alisema. "Alibebwa juu ya mlango." Darasa likaangua kicheko likidhani ni utani. Hakukasirika. Alisubiri wanyamaze, akaendelea, "Mlango wa duka. Waliung'oa kwa sababu machela haikuwapo. Jioni redio ikasema mechi iliisha kwa sare. Mpaka leo anachechemea. Nimekuja kujua kama na ile ni habari ya michezo." Nikamwambia ni habari. Akasema, "Haya, mwalimu," akaketi, akafungua daftari, na tangu siku hiyo hakukosa kipindi.

Nimekuwa nikijiuliza wiki hii yote tunawafundisha nini vijana hawa. Tunawafundisha kuandika aya ya kwanza yenye kishindo. Tunawafundisha takwimu, matamshi ya majina ya wachezaji wa Ulaya, na namna ya kuishika kamera isitikisike. Vitabu tunavyotumia viliandikwa mahali ambako gari la wagonjwa huegeshwa kando ya uwanja kama vile lango lilivyo sehemu ya uwanja, kwa hiyo havina sura inayomwambia mwanafunzi afanye nini pale gari hilo lisipokuwapo. Kisha tunawavisha majoho na kuwatuma kwenye soko la kazi ambalo nalo linawauliza swali moja tu: una wafuasi wangapi mtandaoni? Wenye bahati wanaishia kusoma utabiri wa mechi kwa ajili ya watu wanaobeti. Marehemu aliwahi kuniambia kwamba taaluma yetu inafanana na mtu aliyealikwa harusini akaambiwa ale, acheze, lakini asiulize bibi harusi anaendeleaje.

Alipohitimu alirudi kwao. Redio moja ya huko ilimwajiri, akapanga chumba Makandana, na ndani ya muda mfupi watu wakaanza kumngojea Jumapili kama wanavyoingojea ibada. Viwanja vya Rungwe wengi mnavijua. Vingi vina upande wa juu na upande wa chini, na mpira ukitoka unakwenda kutafutwa kwenye migomba. Yeye aliutangaza mteremko wenyewe. "Hawa sasa wanapanda," angesema, "na anayepanda hupaswa kula vizuri asubuhi." Akina mama waliokuwa wakichuma chai walimsikiliza kwenye simu zao shambani, wakacheka, ingawa baadhi yao hawakuwahi kuutazama mpira hata siku moja. Wazee walimpenda kwa sababu akifurahi sana Kinyakyusa kilimtoka bila kuomba ruhusa.

Ikaja fainali ya mashindano yaliyodhaminiwa na tajiri mmoja mwenye hamu ya uongozi. Uwanja ulifurika. Kulikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, mgeni rasmi, na mbuzi aliyevikwa utepe. Kipindi cha pili beki wa timu ya kiwanda cha chai aliruka kugombea mpira wa juu, akagongana kichwa na mwenzake, akaanguka na hakuinuka. Wenzake wakammwagia maji. Mwamuzi akapuliza filimbi tena na tena kana kwamba filimbi ni dawa. Watangazaji wengine, nikiwemo mimi niliyewafundisha wengi wao, tungejaza muda kwa kusoma majina ya wafadhili. Yeye alisema hewani, kwa sauti ileile isiyo na haraka: "Msikilizaji, naomba mpira tuuache. Kuna kijana ameanguka na haamki. Natazama uwanja mzima, sioni machela, sioni mtu wa huduma ya kwanza. Naona magari ya wageni yameegeshwa pale. Mwenye gari lolote, tafadhali, kijana huyu anahitaji hospitali." Hakuna aliyesogea kutoka kwenye magari yale. Akaendelea: "Ndugu zangu wa kamati, mgeni rasmi mlimpangia pa kukaa. Aumiaye mlimpangia alazwe wapi?"

Dereva wa pikapu iliyobeba maparachichi alikuwa barabarani akimsikiliza. Aligeuza gari, akaingia nalo mpaka katikati ya uwanja, wakashusha makreti na kumpakia kijana. Hospitali ikamhudumia na kumpeleka haraka Mbeya, kwa kuwa damu ilikuwa ikivujia ndani ya kichwa. Aliishi. Hachezi tena mpira, na kelele zikizidi humlazimu kukaa peke yake gizani, lakini yu hai.

Kilichofuata alinisimulia mwenyewe nilipokwenda likizo nyumbani Igogwe, tukinywa chai kwenye mgahawa mmoja pale mjini. Bosi wake alimwita ofisini siku ya pili. "Umemwaibisha mgeni rasmi," akamwambia. Akajibu, "Sikumtaja, bosi." "Umeyataja magari!" Mdhamini alikuwa ameshaondoa matangazo yake, hivyo akatakiwa aombe radhi hewani. Akauliza aombe radhi kwa kosa gani, ili alitamke sawasawa. Wakamhamishia kipindi cha salamu, na mkataba ulipoisha hawakumwita tena. Akabaki akisaidia mama yake kuuza ndizi, huku akirekodi mechi za wasichana kwa simu yake na kuziweka mtandaoni, ambako wengi walimwandikia neno moja tu, la wanaobeti: "Dada, mkeka wa leo vipi?" Nilimuuliza kama kuikosa ile kazi kunamuuma. Alikizungusha kikombe chake. "Kazi haijaniuma sana, mwalimu. Kinachoniuma ni kwamba msimu uliofuata waliongeza turubai. Machela, hapana."

Wahenga walisema msema kweli hana wajoli, yaani hana marafiki. Walisahau kutuambia kwamba akishakufa huwapata wengi. Msibani wajoli walijaa. Bosi wake wa zamani alimwita shujaa. Mdhamini alituma mwakilishi na shada kubwa la maua, na kwenye salamu zake lilisomwa neno "mthubutu". Niliwatazama waombolezaji nikaona wengine wakitazama chini. Kijana aliyeumia naye alikuwepo, amesimama nyuma karibu na migomba, mkono juu ya paji la uso. Aliomba kusema neno. Mshereheshaji akamwambia kwa upole kwamba hayumo kwenye ratiba na muda umekwisha. Hapo mama wa marehemu akasema kutoka pale alipokuwa ameketi mkekani, "Gwe, wewe, mwache aseme. Wengine wote ni wageni wenu. Huyu ni mgeni wangu."

Kijana hakutaka kipaza sauti. "Mimi sikumsikia siku ile," alisema. "Nilikuwa nimezimia. Nimesimuliwa tu alivyosema. Nilikuwa najipanga nije nimwambie ndaga, nashukuru, nikawa naona aibu kuja mikono mitupu." Akarudi migombani. Mama alimtazama mpaka akasimama salama mahali pake, ndipo akaruhusu jeneza linyanyuliwe.

Juzi nimerudi darasani. Niliweka pembeni somo nililoandaa, nikawatuma wanafunzi wakaangalie mechi yoyote ya mtaani, na kabla ya matokeo waniandikie anayeumia pale anahudumiwa na nani. Kijana mmoja wa mbele, mwerevu kweli, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa heshima, habari hiyo nani ataisoma?" Nikamjibu kwamba ataisoma mama wa mchezaji. Akasema, "Huyo hana wafuasi, mwalimu," na darasa likacheka. Sikuweza kucheka nao, wala sikuwalaumu, kwa maana hayo wameyaokota kwetu.

Basi nawe, msomaji, usiliache jambo hili kwa waandishi peke yao, kwani wao wana mabosi. Jumapili ukienda uwanjani, kabla hujauliza nani anaongoza, waulize kamati akianguka mtoto wa mtu watambeba na nini. Uliza ukiwa umesimama karibu na turubai, na uulize kwa sauti.