Vijiti vya Kina

Mimi hakuna la kunishtua. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mamba nimempiga kafi usoni akageuza, na kutoka kupakua magunia Garsen nimekuwa mwenye mitumbwi minne bila mkono wa mtu. Mwaka ule wa mvua ya Elnino, wenye digrii zao waliniita "bosi" ili niwavushe.

Maji ya mto yalikuwa juu ya barabara, magotini, pengine kiunoni. Watu wa miguu walipita humo humo, polepole. Mtumbwi wenye abiria kumi haupiti hapo, unakwama, unataka kina. Basi nikachomeka vijiti kando, pale mkondo ulipochimba korongo, nikavifunga vitambaa vyekundu. Wapiga kafi wangu walijua: kijiti ni kina, fuata. Wa miguu nao walijua: kijiti ni kina, kaa mbali. Sikumweleza mtu, maana nani hapa asiyejua?

Mpwa wangu hakujua. Mtoto wa dada yangu, wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu, tangu mdogo alisoma bweni huko bara. Chuo kilifungwa ghafla kwa mgomo, akarudi. Alifika ukingoni adhuhuri, mitumbwi yangu yote iko ng'ambo. Hakungoja, akaingia kwa miguu. Tulimtoa kesho yake kwenye matete, kamba ya begi bado imemkaa begani.

Mama mmoja muuza mahamri ndiye aliyemwona mwisho. "Alikwenda moja kwa moja kwenye kina," alisema. "Nikamwita, hakugeuka. Kama mtu aliyeitwa."

Maneno hayo yalifika msibani kabla ya maiti kuoshwa. Nimekaa mkekani, nyuma yangu wananong'ona.

"Chuo kilimfukuza huyo."

"Mgomo gani! Aliona haya, akajitupa."

"We! Mamake yuko ndani."

Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango, hatua tatu kutoka tulipo. Kilio chake kilikuwa kimekatika. Nilijua anasikia.

Mimi nilishajua tangu asubuhi, niliposikia "moja kwa moja." Kijana alifuata vijiti vyangu. Alikotoka yeye, alama huonyesha njia. Nilijua, na nikanyamaza, nikajiambia maji ni maji, ajali ni ajali. Nani tena angepanda mtumbwi wangu? Na dada yangu angenitazama vipi?

Sheikh akaja akachuchumaa mbele yangu. "Mjomba mtu, watu wanasema kijana amejitoa roho. Hili si neno dogo, litamfuata mpaka kaburini, na mamake pia. Wewe wajua lolote?"

Mimi, ambaye mdomo haujawahi kunikosa sokoni wala bomani, nilitazama pazia kwanza.

"Hakujitupa," nikasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Alifuata vijiti. Alidhani ndiyo barabara. Vijiti nilichomeka mimi."

Mzee mmoja akasema, "Lahaula." Pazia likatikisika.

"Ni wewe, kaka?"

"Ni mimi."

Nilishikilia mkeka kwa vidole kama mtu aliye juu ya mnazi.

"Afadhali ni wewe, si yeye," akasema. "Kazikeni mwanangu."

Tukamzika kabla ya alasiri, safu zikajaa, na waliokuwa wakinong'ona ndio waliogombania jeneza.

Mimi sishtuki, nasema, lakini "afadhali" ile bado naisikia. Maji yalipopungua niliuza mtumbwi mkubwa, nikaagiza boriti kutoka Kipini, nikazichomeka pande zote mbili za barabara, nyeupe, karibu karibu, hata mgeni wa kwanza asikosee. Serikali haikutoa hata msumari. Watu huziita nguzo za mwanafunzi, nami sijawahi kuwasahihisha. Boriti, rangi na vibarua: shilingi elfu kumi na nane, mia sita na arobaini.