Komeo la Geti la Mbele

Mume wa dada yangu hatulii. Nyumbani kwao, chumba kimoja, hakai dakika tano kabla hajainuka kuutikisa mlango. Anarudi, anakaa, anainuka tena. Ndiyo maana mtaani tunamwita Komeo. Analinda geti la zile nyumba za kifahari nyuma ya mtaa wetu, ndani ya ukuta ambao zege lake alilichanganya yeye mwenyewe kwa koleo kabla hajapewa sare. Zamani pale tulikuwa na njia, na zahanati ilikuwa dakika kumi tu. Siku hizi tunazunguka ukuta mzima, saa nzima kwa miguu, jua la utosi. Ukuta ule unanichefua, nasema wazi.

Kazi yake ni sentensi moja. Hakuna salamu, hakuna karibu, ni "Unakwenda kwa nani?" Ukimtaja mwenye nyumba, anampigia simu. Akikubaliwa, anakuandika kwenye daftari, unapita. Nilishamtania, "Shemeji, iko siku utaiuliza hata mvua." Alicheka kwa mdomo tu. Mlinzi aliyemtangulia alifukuzwa kwa kumpitisha fundi ambaye hakuandikwa, na hilo halimtoki kichwani.

Jumanne moja mchana mtoto wao wa miaka miwili alishikwa na degedege. Pikipiki haikuonekana hata moja. Dada alimkumbatia, mimi nikachukua kadi ya kliniki, tukakimbilia getini ili tukatishe hadi zahanati.

Komeo alikuwa kibandani, kichwa kimeinamia daftari. Alisikia vishindo vya miguu, na mdomo ukatangulia macho.

"Unakwenda kwa nani?"

Dada alisimama wima. Komeo akainua uso, akamwona mkewe, akamwona mtoto.

"Mke wangu! Sikukuona, haki ya Mungu!"

Dada aligeuka. Akashika ile njia ndefu ya kuzunguka. Nilimwita, wapi! Hasira ilikuwa imemziba masikio.

Hapo shemeji alichomoka kibandani. Aliliacha geti wazi, magari yakipiga honi, akampokonya dada mtoto na kukata katikati ya bustani za wale matajiri zinazomwagiliwa maji mchana kweupe. Sisi nyuma yake, mbio. Mlinzi wa geti la pili, la upande wa zahanati, alimwona anavyohema, akafungua bila kuuliza.

Kule zahanati nesi alimchoma mtoto sindano. Baada ya muda mtoto alitulia, akalala. Komeo alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. Simu ya bosi iliita mfukoni mara ya tatu, hakuipokea.

"Kazi naona ndiyo imekwisha," alimwambia dada. "Lakini mtoto amepata nafuu. Sema basi hata neno moja."

Dada alimfunika mtoto shuka vizuri, kisha akamtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Asante, afande," akasema.