Mchungaji na Lenzi Yangu Kuukuu

Niseme tu mwenyewe, maana nimechoka kuulizwa kilichotokea kwenye ubatizo. Mimi ndiye mkubwa wa yatima wanne, na picha ndizo zinazotulisha. Jumapili, kwenye ubatizo ziwani hapa Nchelenge, lenzi yangu kuukuu, niliyoifunga kwenye kamera mpya kwa adapta, iliona wazi vitu vya karibu tu. Nikamwomba mchungaji, aliyesimama majini, asogee ufukweni nilipo. Akasogea. Nikamwomba tena, mpaka maji yakashuka hadi vifundoni mwake.

“Papa, hapa nitamuzamisha mutu namna gani?”

“Unisamehe, mchungaji. Lenzi imezeeka.”

Mdogo wangu Bea, ninayemsomesha na anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, akaifungua, akachomoa kipande cha boksi la sabuni.

“Yaya, hii uliweka weye jana, lenzi isicheze kwenye adapta. Ndiyo inaisukuma mbele, haioni tena mbali.”

Mchungaji alisikia yote, akageukia ziwani. “Basi tunaweza kurudi mu mayi?”