Dirisha la Mwisho la Muthoki

Tangu mwaka wa tisini na tatu, Muthoki alikuwa akiunganisha madirisha ya vioo vya rangi katika karakana moja nje ya Kitengela. Metito, mwenzake wa karakana, alikata vioo. Muthoki alivipanga juu ya mchoro uliotandazwa mezani, akaingiza kila kipande kwenye mfereji wa ukanda wa risasi, ile metali laini ya kijivu, akavizuia kwa misumari visisogee, kisha akalehemu kila mahali kanda zilipokutana. Ilikuwa kazi ya kuinama kutwa. Chakula alikila papo hapo mezani, vidole vikiwa vyeusi.

Wakitengeneza dirisha la kanisa moja la Loitokitok, nguvu zilianza kumwishia. Tumbo lilimsokota, na mkono wa kulia ukashindwa kunyoosha ukanda. Alidhani ni malaria, akameza dawa, akarudi kazini. Mumewe, Mbaluka, ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali Kajiado. Daktari alimuuliza kazi yake, akatazama kucha zake, akatuma damu Nairobi. Majibu yalipokuja, alimweleza kwamba sumu ya risasi ya zile kanda imeingia mwilini kupitia vidole anavyolia chakula, na akiendelea kuishika, mkono huo huenda usipone.

Muthoki alirudi karakana kuaga, akakuta dirisha limefika nusu. Metito hakuwahi kulehemu.

"Wewe keti," Metito akamwambia. "Mimi nitashika chuma cha kulehemu, wewe uniambie."

Basi akaketi mlangoni, penye upepo, akimwelekeza. Metito aliunguza maungio ya kanda, akayarudia. Hata kupaka pati ya kuzibia chini ya kanda, ili mvua isipenye, alilazimika kufundishwa. Muthoki alichoka kusema kama alivyokuwa akichoka kufanya.

Siku ya kulipeleka Loitokitok, Muthoki alienda pamoja na mafundi wa kulipachika, kwa sababu Metito alimsihi. Mafundi walipoanza kulipandisha ukutani, alijinyoosha kwenye benchi la kanisa, akajifunika leso, akalala.

Alipoamshwa, dirisha lilikuwa limekaa. Jua lilikuwa limeshazunguka upande wa pili, na vioo vilionekana vyeusi tu. Metito alisikitika. Akamwambia wanaweza kulala kwa dada yake hapo mjini, walione asubuhi likiwaka.

"Niko na usingizi, Metito," Muthoki akasema. "Nirudishe nyumbani."

Mkono ulichukua zaidi ya mwaka kupata nguvu, na si zote. Siku hizi anauza mboga sokoni Noonkopir. Metito alimletea picha ya lile dirisha; akaitazama, akamshukuru, kisha akamuuliza kama huwa ananawa mikono kabla ya kula.