Vibarua wa Shemeji

Ofisini walimwita Bi Hesabu, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuchambua takwimu za wagonjwa kwa kompyuta kubwa iliyokaa chumba cha pili, chenye baridi ya kukulazimisha kuvaa sweta. Hesabu nzito aliigawa kwa programu ndogo nyingi zikafanya kazi kwa pamoja. Ofisi nzima iliziita vibarua. Kazi ikiisha, lazima uwaamuru waondoke. La sivyo wanabaki wamekalia nafasi ya mashine bure.

Yeye ndiye aliyemwombea kazi mdogo wa mumewe. Na shemeji huyohuyo akachukua programu ambayo Bi Hesabu aliitolea jasho, akafuta jina la Bi Hesabu, akaandika la kwake, akaipeleka kwa mkurugenzi. Akapewa ukuu wa kitengo. Bi Hesabu alipomkabili, shemeji alicheka. "Shemeji, si mambo ya ukoo haya?"

Nyumbani mama mkwe alifurahi kupita kiasi, akamwambia mkwewe amimine chai. Alimimina. Kikombe cha shemeji kikafurika hadi kwenye suruali.

"Samahani," akasema, huku moyoni akitamani chai ingekuwa ya moto zaidi.

Shemeji alikuwa na uzembe mmoja: programu zake zikikwama katikati, alizifunga na kwenda zake, vibarua akawatelekeza. Siku zote Bi Hesabu, aliyekuwa pia mtunzaji wa mashine, ndiye aliyekuwa akiwafukuza kimyakimya. Sasa akaacha. Wakarundikana. Kila asubuhi aliwatazama kwenye kioo cha kompyuta wakiongezeka, akahisi raha ambayo hakumwambia mtu.

Siku wafadhili walipokuja kuiona programu, shemeji alisimama mbele yao kwa suti mpya, akabonyeza. Mashine ikaganda. Akabonyeza tena. Akatoka mbio hadi mezani kwa Bi Hesabu, kola imelowa.

"Shemeji, fukuza hawa vibarua, naumbuka!"

"Vibarua wa nani?"

"Wangu."

"Na programu?"

"Tutaongea nyumbani."

"Uliiba hapa. Sema hapa."

Mkurugenzi alikuwa amemfuata, kasimama mlangoni. Shemeji akageuka, akamwona, mabega yakamshuka. "Ni yake," akasema.

Bi Hesabu angeweza kuwaondoa wale wavivu waliotelekezwa tu. Lakini aliandika amri ya kuwafukuza wote wa shemeji, pamoja na waliokuwa karibu kumaliza kazi ya shemeji ya mwezi mzima. Akamtazama usoni, kisha akabonyeza. Mashine ikapata pumzi. Akaingia kwa wafadhili, akaeleza kazi yake mwenyewe.

Shemeji alivuliwa cheo, kikapewa mtu kutoka nje. Mama mkwe akaacha kuitikia salamu za Bi Hesabu. Mumewe alinuna siku nyingi, kisha akauliza, "Hukuweza kumsamehe?"

"Niliweza," alijibu, akiendelea kukunja nguo. "Sikutaka."