Wazee wa Wenzake

Kuogesha wazee wa watu si kazi ya kujitapia, lakini huyu binti aliijua nje ndani. Tangu aingie ughaibuni, karibu maisha yake yote yalikuwa katika nyumba ile ya kutunzia wazee: kuwageuza wasipate vidonda vya mgongo, kuwalisha uji kwa kijiko, kuwabembeleza wanapogoma kumeza dawa. Wenzake walimbandika jina la Mikono. Akikushika yeye, huanguki.

Siku baba na mama yake walipokuwa wanakuja kumtembelea, aliomba ruhusa akaambiwa watu hawatoshi, apige zamu ya asubuhi kwanza. Basi jirani yake, dereva teksi, akaenda kuwapokea uwanja wa ndege, na yeye akarudi nyumbani mbio kuwasubiri.

Chumba chao kilikuwa tayari. Kitanda alishakikata miguu kiwe kifupi, zulia amelisukumia uvunguni lisije likamkwaza mtu, na bafuni amefunga chuma cha kushikilia. Alisimama mlangoni akakitazama. Kilifanana na vyumba vya kazini kabisa, ilikosekana kengele tu ya kumwitia mlezi.

Akakaa kitandani. Tusidanganyane, alikuwa anaogopa. Alipoondoka kwao, baba alikuwa bado akipanda paani mwenyewe kuziba bati linalovuja, na mama akibeba ndoo huku anagombeza mtu. Kwenye simu wote walikuwa "wazima kabisa", hata mwaka ule baba alipovunjika nyonga. Habari ilimfikia mfupa umeshaunga. Wakati baba yake anajikokota peke yake, yeye alikuwa huku, anawafundisha baba za watu kutembea. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yake hata kumtisha haikumtisha. Sasa alitaka jambo moja tu katika ziara hii: wazazi wake wamkute bado ni mtoto wao.

Honi ikalia, akashuka. Mama alitangulia kutoka garini, akamkumbatia, akaanza kumsema kwamba amekonda, na kwa muda kidogo mambo yalikuwa kama zamani. Kisha baba akatoka na mkongojo. Mtu aliyekuwa akiinama kupita milangoni, sasa alimfikia bintiye begani. Kwenye ngazi ya kwanza goti likalegea.

Binti hakuwaza. Mkono mmoja ulipita chini ya kwapa, wa pili ukakamata mkanda wa suruali kwa nyuma, na ile sauti ya kazini, ya juu na ya uchangamfu, ikamtoka yenyewe.

"Haya babu, usiogope, nimekushika. Mguu mzima kwanza. Hivyo hivyo, babu yangu, unajitahidi."

Baba akasimama. Mama akatazama chini. Dereva akajifanya anahangaika na mabegi.

"Babu?" baba akauliza.

"Nisamehe, baba. Ni mazoea ya kazi."

Baba alipanda ngazi ya pili, akapanda ya tatu, uzito wake wote mikononi mwa bintiye, wala hakuyumba. Walipofika mlangoni alisimama kuvuta pumzi.

"Hao wazee wa huku, wote unawashika hivi?"

"Wote, baba."

"Basi wamekufaidi," alisema, akautoa mkono wake taratibu, akaingia ndani akipapasa ukuta.